Sehemu ya Kumi ya Sekunde

Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud lililorushwa na Iraki liliangukia makazi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulinda eneo hilo haukufyatua kitu. Haukuwa umezimwa, ndugu msomaji. Ulikuwa ukilitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo.

Chanzo chake ni hesabu ndogo. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Sisi tunaohesabu kwa makumi huandika 0.1, yakaisha. Kompyuta huhesabu kwa mbili, na humo sehemu ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika daftari la mtoto wa shule: 0.333 hadi karatasi iishe. Mtambo ulikuwa na nafasi 24 tu za tarakimu, zilizozidi zilikatwa. Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno, lakini mtambo ulikuwa umewaka kwa saa 100 mfululizo, na kosa likafikia takriban theluthi moja ya sekunde. Kwa muda huo Scud hupita zaidi ya nusu kilomita.

Linalonisumbua zaidi ni historia ya marekebisho. Hapo awali, kanuni sahihi zaidi ya kugeuza saa ilikuwa imeingizwa katika baadhi ya sehemu za programu, si zote. Kosa likiwa sawa pande zote mbili hufutana. Lilipoondolewa upande mmoja, halikufutana tena. Nusu ya tiba ikaongeza ugonjwa.

Waisraeli waliigundua hitilafu hiyo na kuwaarifu Wamarekani tarehe 11 Februari. Wakubwa jeshini walidhani hakuna kikosi ambacho kingewasha mtambo kwa saa nane au zaidi bila kuuzima. (Dhana ya ofisini hiyo, kwa watu walio vitani!) Programu iliyorekebishwa ilitolewa tarehe 16. Tarehe 21 vikosi vilipelekewa onyo kwamba kuuwasha mtambo kwa “muda mrefu sana” kungepotosha shabaha, bila kuelezwa muda huo ni saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha upya kungeirudisha saa kwenye sifuri, kazi ya dakika moja au mbili, lakini askari hawakuambiwa hivyo.

Programu mpya ilifika Dhahran tarehe 26 Februari.