Bampa: Kitu Kilichobadilika, Neno Lililobaki

Neno bampa limekwisha kuzoeleka. Fundi wa gereji, dereva na karani wa bima hulitumia, na hapana anayehitaji kuelezwa kuwa ni ile sehemu ifungwayo mbele na nyuma ya gari. Limetokana na Kiingereza, katika kitenzi chenye maana ya kugonga. Yaani ni kitu kilichowekwa kipokee kishindo ili bodi isalimike. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi ya kitu hicho imebadilika zaidi ya mara moja, na kwamba mfasiri asiyeyajua mabadiliko hayo aweza kuandika neno sahihi akapotosha maana.

Mfano wetu ni gari la michezo la Ujerumani, Porsche 911. Mwaka 1967 yaliundwa magari machache ya mashindano yaliyoitwa 911 R. Milango, madigadi ya mbele na mabampa yake yalikuwa ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ya kemikali ikaukayo na kuwa ngumu; ndiyo faiba ya mashua za wavuvi wa pwani yetu. Uzito ulishuka hadi karibu kilo 800. Mwaka 1972 ilifuata Carrera RS. Toleo lake jepesi, lenye bampa la nyuma la faiba, lilikuwa na kilo 960, na toleo la starehe kilo 1,075. Tofauti hiyo haikutokana na bampa peke yake. Lakini uzito ukipunguzwa kwenye ncha za gari, gari hugeuka kwa wepesi zaidi. Bampa la namna hiyo halikukusudiwa kupokea kishindo. Lilibaki umbo tu.

Wakati huohuo Marekani ilishika njia nyingine. Kuanzia magari ya mwaka 1973, kanuni ilitaka bampa la mbele listahimili kugonga kizuizi kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilometa 8, pasipo kuharibika taa wala mfumo wa mafuta. Kwa hiyo Porsche 911 ya mwaka 1974 ilipewa mabampa makubwa ya alumini, yenye mikunjo ya mpira pembeni. Kanuni ililegezwa mwaka 1982, lakini kwa miaka ile neno lilikuwa limerudia maana yake ya asili, kwa gharama ya uzito.

Baadhi ya wenye magari hayo ya zamani huyaondoa mabampa mazito na kufunga ya faiba. Fundi hodari hulijaribisha kwanza bampa mahali pake, akilinganisha nafasi iliyopo kati yake na madigadi. Hulisugua kwa msasa akiwa amejifunika pua na mdomo, kwani vumbi lake hudhuru. Kisha hutoboa matundu na kuweka washa pana, kwa sababu bolti ikikazwa mno faiba hupasuka. Kazi ikiisha, mwenye gari huliita bampa vilevile, ingawa kishindo kidogo chaweza kulivunja na kufika kwenye bodi.

Hapo ndipo ilipo hatari ya istilahi. Kanuni ya ukaguzi ikiandikwa kwamba kila gari liwe na bampa, ganda la faiba litaitimiza kanuni bila kukinga chochote. Magari ya siku hizi nayo aghalabu huwa na ganda la plastiki nje na mhimili wa kinga ndani, na vyote viwili huitwa bampa. Anayeagiza mhimili aweza kuletewa ganda.

Hatupendekezi neno hili litupwe, maana limekwisha kukubalika. Yafaa libaki kuwa jina la jumla, na chini yake tuseme bampa-kinga kwa lile lipokealo kishindo, na bampa-ganda kwa lile la umbo tu. Aidha, walimu watahadharishe wanafunzi wasilichanganye na bamba, ambalo ni kipande chembamba cha madini. Mfasiri naye, akutanapo na neno hili katika kitabu cha ufundi au katika sheria, na aulize kwanza kitu hicho chafanya kazi gani, kisha ndipo achague jina.