Mkono katika Habari: Mifano kutoka Jinja

Msafiri anayetoka Kampala kwenda Jinja kwa barabara hupita mji wa Mukono kabla ya kuingia katika msitu wa Mabira. Kwa Mganda na Msoga, omukono ni kiungo kile kile ambacho Waswahili hukiita mkono. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wetu huona kwamba neno hili amekwisha kulijua tangu utotoni. Hukwama anapofungua gazeti la Kiswahili, kwani mkono wa gazetini ni nadra kuwa na vidole.

Makala haya yanaangalia matumizi manne ya neno hilo katika uandishi wa habari. Mifano imetolewa katika historia ya Mto Nile na bwawa la Jinja.

Kwanza, kutia mkono, yaani kuweka sahihi. Luganda nacho kina usemi wa kuteeka omukono wenye maana hiyo hiyo, kwa hiyo mwanafunzi hapati taabu. Mwaka 1949 Uingereza na Misri zilikubaliana, kwa kubadilishana barua rasmi, juu ya ujenzi wa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Misri ilipewa haki ya kuweka mhandisi wake Jinja ili aangalie maji yanavyoachiliwa. Malkia Elizabeth II alilifungua bwawa hilo mwaka 1954. Uganda yenyewe haikutia mkono, kwa kuwa ilikuwa bado chini ya Waingereza. Hivyo anayesoma kwamba mkataba fulani "ulitiwa mkono" hana budi kuuliza: mkono wa nani?

Pili, kuunga mkono, yaani kukubaliana na mtu au jambo na kulisaidia. Hapa ndipo penye mtego. Tarehe 14 Mei 2010, Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia zilitia mkono mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile mjini Entebbe. Misri na Sudan zilikataa. Hata hivyo, Uganda iliuridhia mkataba huo mwaka 2019, na haukuanza kutumika mpaka tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya sita kuukubali rasmi. Mwandishi ambaye katika miaka hiyo angeandika tu kwamba Uganda "inaunga mkono mkataba" asingemwambia msomaji umefika wapi. Aliyeunga mkono huenda hajatia mkono, na aliyetia mkono huenda hajaridhia. Ni hatua tatu, na kati ya hatua ya pili na ya tatu Uganda ilipitisha miaka tisa.

Tatu, mikononi mwa, yaani chini ya mamlaka au uangalizi wa mtu. Mwaka 2003 uendeshaji wa vituo vya umeme vya Nalubaale na Kiira uliingia mikononi mwa kampuni ya Eskom Uganda. Mwaka 2023 ukarudi mikononi mwa serikali. Walimu wasisitize upatanisho: ni mikononi mwa, si mikononi ya, kwa sababu kiambishi -ni kimelitia neno katika ngeli ya mahali. Wakumbushe pia kwamba kilichomo mikononi mwa mtu si lazima kiwe mali yake. Eskom iliendesha mitambo kwa mkataba. Mwenye mitambo alibaki kuwa serikali.

Nne, mkono wa mtu. Mwandishi akisema katika tukio fulani "kuna mkono wa mtu", anadai kwamba yuko aliyelipanga kwa siri. Usemi huu unatia shaka bila kumtaja mhusika, na kwa hiyo unaweza kumdhuru asiye na hatia. Mwandishi mwenye ushahidi humtaja mhusika. Asiye nao afadhali anyamaze.

Tunapendekeza zoezi jepesi. Mwalimu achukue habari moja ya gazeti, wanafunzi wapigie mstari kila penye mkono, kisha waulizane: umetiwa, umeungwa, au kitu kimo ndani yake? Na ni wa nani? Baadhi ya wanafunzi hawa kesho watakuwa waandishi na wafasiri. Wakikosea neno hili moja, msomaji wa Jinja ataambiwa kwamba nchi yake imejifunga kwa jambo ambalo kwa kweli imelisifu tu.