Steringi hafi, mpagazi hatajwi

Ndugu wasikilizaji, wapenda sinema wa Dar es Salaam wana kanuni moja: steringi hafi. Atamiminiwa risasi na kikosi kizima, naye atatoka na mkwaruzo begani. Leo nawaombeni tuitazame kanuni hiyo.

Kwa Wamarekani, dume la vita alikuwa John Wayne. Sisi tunamfahamu kwa filamu ya Hatari!, iliyopigwa upande wa Arusha na kutolewa mwaka 1962. Kwao alisifika kwa filamu za askari. Lakini Vita Kuu ya Pili ilipopiganwa hasa, Wayne hakwenda jeshini. Alibaki Hollywood akiigiza.

Akafuata Rambo wa Sylvester Stallone. Katika filamu ya mwaka 1985, Rambo anarudi Vietnam na kuwashinda maadui karibu peke yake, miaka 10 baada ya Saigon kuanguka. Vita walivyoshindwa msituni, wakavishinda kwenye sinema. Stallone naye hakupigana Vietnam.

Nawakumbuka vijana wa Kariakoo waliotoka kwenye mabanda ya video wamejifunga vitambaa vyekundu kichwani. Mitaani mwao waliishi wanaume waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Hao hakuna aliyewaiga.

Na Kariakoo yenyewe ni jina la vita. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, hapo waliweka kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo yetu ikakiita Kariakoo. Watu hao walibeba chakula na risasi kwa miguu. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa bunduki. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake. Lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki.

Rambo je? Jina lake wakapewa mifuko ya plastiki. Akabeba nyanya na dagaa sokoni mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Hapo angalau alionja kazi ya mpagazi.

Basi, ndugu zangu, kijana akiuliza mwanamume wa vita ni nani, mpelekeni kwenye sanamu ile. Akishaitazama bunduki, mwambieni ainame, asome na yaliyoandikwa chini.