Bluzi na Roki: Suala la Mtunzi na Umiliki

Utangulizi

Historia ya muziki wa roki aghalabu hufunguliwa kwa kauli ambayo imekwisha kuwa kama methali: kwamba mizizi ya roki ni bluzi. Kauli hii ni ya kweli, lakini yafaa ichunguzwe. Mzizi hukaa chini ya ardhi. Hauonekani, na kazi yake ni kuulisha mti unaotazamwa na kusifiwa. Waimbaji wa bluzi hawakuwa chini ya ardhi. Muddy Waters, aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa bado akirekodi nyimbo mjini Chicago wakati vijana wa Uingereza walipokuwa wakijifunza zile alizoziimba awali. Alifariki mwaka 1983, miaka zaidi ya 20 baada ya kundi la Rolling Stones kujipa jina kutokana na wimbo wake wa mwaka 1950. Kwa hiyo, sitiari ya mizizi huwafanya watu waliokuwa hai waonekane kama wahenga. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba safari ya kutoka bluzi hadi roki ilikuwa vilevile safari ya nyimbo kutoka katika kanuni za fasihi simulizi na kuingia katika sheria ya maandishi, na kwamba mtihani wake mkubwa ulikuwa ni kuamua nani ahesabiwe kuwa mtunzi.

Bluzi kama Fasihi Simulizi

Bluzi ilikua kusini mwa Marekani, hasa katika nchi tambarare ya Delta ya Mississippi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Utumwa ulikuwa umefutwa mwaka 1865, lakini wengi wa Wamarekani Weusi wa huko waliendelea kulima pamba katika mashamba ya wengine kwa mkataba wa kugawana mavuno. Daftari la hesabu liliandikwa na mwenye shamba, na mara nyingi mkulima aliumaliza msimu akiwa na deni.

Ubeti wa kawaida wa bluzi una mishororo mitatu. Wa kwanza hutaja jambo, wa pili hulirudia, na wa tatu hulikamilisha kwa jibu au kwa kinaya. Baada ya kila mshororo sauti hupumzika na gitaa huitikia, na ubeti mzima hukamilika katika vipimo 12 vya muziki. Urudiaji huo si pambo tu, kwani humpa mwimbaji nafasi ya kuutafuta mshororo wa tatu papo hapo. Mishororo mingi haikuwa na mwenyewe. Ilihama kutoka wimbo hadi wimbo, na ustadi ulipimwa kwa namna mwimbaji alivyoipanga na kuitia sauti yake. Alichokieleza Albert Lord mwaka 1960 kuhusu manju wa Yugoslavia, kwamba kutunga na kughani ni tendo moja, chaweza kusemwa kwa kiasi kikubwa kuhusu waimbaji wa Delta.

Ushahidi wa Stovall

Mwezi wa Agosti 1941, mtafiti Alan Lomax, akishirikiana na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk, alimrekodi Muddy Waters katika shamba la Stovall kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mazungumzo yao kuhusu wimbo "Country Blues" yana thamani kubwa kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Alipoulizwa asili ya wimbo huo, Muddy Waters alieleza kwamba aliutunga mwenyewe mwaka 1938, alipokuwa akitengeneza gurudumu la gari. Alipoulizwa zaidi, alisema kwamba Robert Johnson alikuwa ametoa santuri yenye wimbo wa namna hiyo, kwamba yeye mwenyewe alijifunza kutoka kwa Son House, na kwamba wimbo huo ulitoka katika mashamba ya pamba.

Msomaji aliyezoea maandishi aweza kudhani kwamba majibu hayo yanapingana. Hayapingani. Katika mapokeo ya masimulizi, wimbo waweza kuwa wa mwimbaji, wa mwalimu wake na wa jamii kwa wakati mmoja, na hakuna anayepoteza chochote mwingine anapotajwa. Mgongano ulizuka pale ilipobidi kujaza fomu yenye nafasi ya jina la mtunzi.

Kutoka Sauti hadi Hati

Fomu hiyo ilikwisha kufika mapema. Mwaka 1912 W. C. Handy alichapisha "The Memphis Blues", na mwaka 1920 Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues", santuri iliyoyafumbua macho makampuni kuhusu soko la bluzi. Sheria ya Marekani ililinda utunzi uliosajiliwa. Sauti yenyewe iliyorekodiwa haikupata ulinzi wa sheria ya shirikisho hadi mwaka 1972. Mrabaha ulikwenda kwa mtunzi na mchapishaji waliotajwa katika hati, ilhali mwimbaji mara nyingi alilipwa ujira wa siku ya kurekodi tu. Daftari lilikuwa tena mikononi mwa mwingine.

Roki ilizaliwa katika mazingira hayo. Mwaka 1954 Elvis Presley alirekodi mjini Memphis wimbo "That's All Right", ambao Arthur Crudup alikuwa ameurekodi mwaka 1946. Jina la Crudup liliandikwa wazi kwenye santuri ya Presley, lakini kuandikwa si kulipwa: Crudup alifariki mwaka 1974 baada ya miaka mingi ya kudai mrabaha wake. Kisa cha Chuck Berry ni kinyume cha hicho. Wimbo wake "Maybellene" wa mwaka 1955 ulitoka ukiwa na majina mawili zaidi ya watunzi, la mtangazaji wa redio Alan Freed na la mfanyabiashara Russ Fratto, na majina hayo hayakuondolewa hadi mwaka 1986.

Hata hivyo, si haki kuigeuza historia hii kuwa hadithi ya wezi weupe na waibiwa weusi. "Maybellene" wenyewe ulijengwa juu ya "Ida Red", wimbo wa kale wa fidla uliopendwa na wakulima weupe. "Hound Dog", uliorekodiwa kwanza na Big Mama Thornton mwaka 1952, ulitungwa na vijana wawili weupe, Jerry Leiber na Mike Stoller. Kuazima kulikuwa desturi ya wote. Kilichotofautiana ni uwezo wa kufika mbele ya msajili na wakili.

Jambo hilo lilidhihirika katika kisa cha Willie Dixon. Mwaka 1962 Muddy Waters alirekodi wimbo wake "You Need Love". Mwaka 1969 kundi la Uingereza la Led Zeppelin lilitoa "Whole Lotta Love" bila kumtaja. Dixon alishtaki mwaka 1985, na mwaka 1987 pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Lakini Dixon huyohuyo alikuwa ameutunga "My Babe", wa mwaka 1955, kwa kufuata wimbo wa kidini "This Train". Aliishi katika kanuni zote mbili: aliazima kama manju na kudai kama mwandishi.

Hitimisho

Kisa cha bluzi na roki chaonyesha kwamba mapokeo ya jamii hayadhuriki kwa kuazimwa. Hudhurika pale mwazimaji wa mwisho anapopewa hati ya umiliki na waliomtangulia wakaitwa mizizi. Mtafiti wa fasihi simulizi, mwenye kinasa sauti na daftari lake, hana budi kulikumbuka hili, kwa maana yeye pia hujaza nafasi ya jina la mtunzi. Mwimbaji akitoa majibu matatu, kama alivyofanya Muddy Waters, ni wajibu wa mtafiti kuyaandika yote matatu.