Mazishi ya wanajeshi wastaafu katika Kaunti ya Kajiado

Mazishi ya wanajeshi wastaafu katika Kaunti ya Kajiado, Kenya, huchanganya ibada ya kanisani, taratibu za kijeshi na desturi za Wamaasai. Marehemu mwenye umri mkubwa husifiwa kwanza kama mume, baba na babu, kisha kama muumini na mzee wa jamii. Utumishi wake jeshini, hata ukiwa wa miaka mingi, aghalabu hupewa aya moja. Kwa wakubwa waliopata vyeo serikalini mambo huwa kinyume.

Desturi ya zamani

Zamani Wamaasai hawakuwa na mazoea ya kuzika watu wa kawaida. Maiti ililazwa porini, nje ya boma, ikaachiwa fisi. Kaburi lilikuwa heshima ya laiboni (viongozi wa kidini) na matajiri, nalo lilifunikwa kwa rundo la mawe ambalo wapita njia waliliongezea jiwe. A. C. Hollis, ambaye kitabu chake The Masai kilitolewa Oxford mwaka 1905, anaeleza kwamba mzee aliyeacha watoto alitendewa tofauti na kijana: mnyama alichinjwa na mwili ukapakwa mafuta. Jina la marehemu halikutajwa tena nyumbani kwake. Kuenea kwa makanisa na shule ndiko kulikoleta kaburi la kuchimbwa na, baadaye, wasifu unaosomwa hadharani.

Taratibu za sasa

Kifo kikitokea, chifu huarifiwa, kibali cha mazishi hutolewa na mwili hupelekwa mochari. Jamaa, majirani na wanachama wa chama chake cha akiba hukutana kila jioni nyumbani kwa marehemu kupanga mazishi. Mweka hazina husoma michango iliyoingia kwa M-Pesa, na kikao hufungwa kwa maombi. Kamati hugawana kazi: gari la maiti, hema na viti, chakula, uchapishaji.

Kinachobaki mikononi mwa watu ni kijitabu cha ibada. Jalada huwa na picha ya mzee akiwa na suti, na ndani mara nyingi kuna picha ndogo iliyofifia ya kijana mwenye bereti. Wasifu hufuata mpangilio unaojulikana: mwana wa nani, ndugu wa nani, mume wa nani, baba wa nani na nani, babu wa wajukuu wangapi na vitukuu wangapi. Wakwe hutajwa pia, kila mmoja kwa jina, na jina likiachwa nje huwa chanzo cha manung'uniko. Baada ya hapo huja elimu, kazi, wokovu, ugonjwa na saa ya mwisho. Kwa Wamaasai wazee rika la marehemu, kwa mfano Iseuri, huhesabiwa kuwa sehemu ya utambulisho wake sawa na ukoo.

Katika kaunti hiyo, mji wa Kitengela, ulio kwenye barabara ya Namanga kusini mwa Nairobi, una wakazi wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 na ile ya 2019 watu 154,436. Ploti ya futi 50 kwa 100 haina nafasi ya kaburi, hivyo ibada hufanyika mjini na mwili husafirishwa usiku kwenda ushago, yaani kijijini kwao. Wenye shamba huzikwa papo hapo.

Heshima za kijeshi

Vikosi vya Kenya vya Keya (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, viligeuka kuwa jeshi la Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Wasifu wa wazee umetaja Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, vita vya shifta au, kwa waliofuata, kulinda amani Namibia mwaka 1989. Wenzake marehemu wa zamani jeshini hubeba jeneza. Kwa maafisa wakuu kuna pia bendera, risasi na tarumbeta.

Mazishi ya Joseph Nkaissery

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Meja Jenerali Joseph Kasaine ole Nkaissery (1949–2017). Alistaafu jeshi mwaka 2002 na mwaka huohuo akachaguliwa mbunge wa Kajiado ya Kati, kiti alichoshinda mara tatu mfululizo. Desemba 2014, siku wachimba mawe 36 walipouawa Mandera, Rais Uhuru Kenyatta alimteua kuongoza Wizara ya Usalama wa Ndani badala ya Joseph ole Lenku, naye mwana wa Kajiado. Wengi walimpenda kwa ukakamavu wake. Sehemu yenye utata ya maisha yake ni operesheni ya kupokonya silaha Pokot Magharibi mwaka 1984, ambayo wenyeji waliilaumu kwa mateso na vifo.

Alifariki ghafla tarehe 8 Julai 2017, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, saa chache baada ya kuhudhuria maombi ya kitaifa Uhuru Park. Alizikwa Ilbissil, Kajiado, tarehe 15 Julai kwa heshima za kijeshi, mbele ya rais na umati mkubwa. Hotuba nyingi zilihusu usalama na siasa. Aliacha mjane na watoto.



Hali ya sasa

Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, serikali iliweka kikomo cha waombolezaji 15. Tangu hapo familia nyingi hurusha ibada mtandaoni kwa jamaa walio ng'ambo.