Tairi Zilizovuka Mchanga

Mwaka 1929 Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyewahi kufanya kazi Misri, aliingia jangwa la Libya kwa magari ya Ford Model A. Tairi zake zilikuwa nyembamba, na kwenye mchanga laini tairi nyembamba huzama kama kisu kwenye ugali. Gari hukalia tumbo, abiria hushika sepetu.

Dawa ilikuwa ya bure: kupunguza upepo. Tairi hujibonyeza, ikajitandaza, uzito ukagawanyika. Pakishindikana, walisukumia vibao vya chuma chini ya magurudumu.

Alipounda kikosi cha doria za jangwani mwaka 1940, Bagnold hakubahatisha tena. Lori za Chevrolet ziling'olewa milango na kufungwa tairi nene.

Je, nene ndiyo bora? Si kila mahali. Kwenye barabara ya udongo iliyolowa, nyembamba hukata utelezi wa juu na kushika ardhi ngumu ya chini. Nene huelea na kuserereka hadi mtaroni. Ndiyo maana Land Cruiser nyingi za kazi vijijini Afrika Mashariki bado huvaa tairi nyembamba za 7.50-16.