Mume na Mke Hewani: Dodoma Katika Historia ya Mchezo wa Redio

Kati ya mwaka 1993 na 1995, mume na mke waliosikika karibu Tanzania Bara nzima hawakurushwa na mitambo ya Dodoma. Mume aliitwa Mkwaju, dereva wa lori. Mke aliitwa Tunu. Walikuwa wahusika wa *Twende na Wakati*, mchezo wa Redio Tanzania Dar es Salaam uliokuwa hewani mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Ulipofika muda huo, mitambo ya Dodoma ilirusha vipindi vingine. Haikuwa hitilafu. Eneo hilo liliachwa makusudi, ili watafiti walinganishe nyumba zilizousikia mchezo na zile ambazo hazikuusikia.

Tukio hilo halitajwi sana katika historia ya makao makuu ya nchi, ambayo imezoea kuhesabu majengo, hotuba na tarehe za kuhama. Hata hivyo linatuonyesha vizuri namna sanaa yetu ya utangazaji ilivyokua: ugomvi wa mume na mke uliingizwa redioni ukiwa tayari umepewa kazi ya kufanya.

Kwa Waingereza kazi ya namna hiyo ilikwisha mapema. *The Archers*, mchezo wa redio kuhusu familia ya wakulima, ulianza kusikika nchi nzima Januari 1951 ukiwa na mkono wa Wizara ya Kilimo nyuma yake, kwa kuwa baada ya vita chakula kilikuwa haba na wakulima walitakiwa wazalishe zaidi. Miaka ilivyosonga ushauri wa kilimo ukafifia, familia ikabaki. Mwaka 1979 BBC ilipoanza kuonyesha vichekesho vya televisheni vya *Terry and June*, wajibu wa kufundisha ulikuwa umekwisha kabisa. Terry Scott na June Whitfield waliigiza mume na mke wa makamo wa Purley, kitongoji cha kusini mwa London: mume anajitia kulijua kila jambo, analiharibu, mke anabaki kuokoa kilichobaki. Hadi mwaka 1987 vilipokoma, vichekesho hivyo havikumtaka mtazamaji ajirekebishe kwa lolote.

Miaka hiyo yote Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilianza mwaka 1973. Bara ilingoja hadi 1994. Mume na mke wa kwanza hewani huku kwetu walikuwa sauti tu, na chombo kilichozibeba kilikuwa cha Serikali. Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, iligeuzwa kuwa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania, chini ya wizara. Redio hiyo ilifanywa darasa la taifa. Katika kampeni ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Vichekesho navyo vilikuwapo. Matapeli wa *Pwagu na Pwaguzi* waliwavunja mbavu wasikilizaji kwa miaka mingi. Lakini msikilizaji alikwishazoea kwamba hadithi ya redioni ina jambo inalomtaka alifanye.

Kenya nayo ilikuwa na mambo hayo mawili, kicheko na mafunzo. Kwa upande wa kicheko, Benson Wanjau na Mary Khavere walijulikana Afrika Mashariki nzima kama Mzee Ojwang' na Mama Kayai wa vichekesho vya televisheni vya *Vitimbi*. Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyejenga mhusika wake kwa lafudhi ya Kijaluo. Kwa upande wa mafunzo, mwaka 1987 Sauti ya Kenya ilirusha *Ushikwapo Shikamana*, mchezo wa redio uliohimiza uzazi wa mpango. Kanuni zake zilitoka Mexico, kwa Miguel Sabido, mtayarishaji wa kampuni ya Televisa aliyeonyesha *Acompáñame* mwaka 1977. Sabido aligawa wahusika mafungu matatu: wanaotenda mema, wanaotenda mabaya, na wale wa katikati wanaoyumba hadi wachague upande. Hao wa katikati ndio aliotaka msikilizaji ajione ndani yao.

Tanzania ilipitisha sera yake ya idadi ya watu mwaka 1992. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, *Twende na Wakati* ikaanza, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu (UNFPA) na shirika la Population Communications International la New York. Mkwaju alitwikwa ubaya wote: ana mke nyumbani na wanawake kila kituo cha safari yake. Tunu alianza akiwa mke wa kunyamaza, kisha akayumba, mwishowe akamwacha na kuanzisha biashara yake mwenyewe. Fundi Mitindo, fundi cherehani, aliwakilisha mwanamume wa kawaida anayeweza kubadilika. Mkwaju aliambukizwa virusi vya UKIMWI, akaugua, akafa. Wakati nchi ilikuwa bado inanong'ona kuhusu ugonjwa huo, redio ya Serikali ilimwua mhusika wake mashuhuri mbele ya wasikilizaji wake wote.

Kumwacha nje msikilizaji wa Dodoma kulikuwa na kejeli yake. Malori ya aina ya lile la Mkwaju yalipita hapohapo, yakitoka Dar es Salaam kuelekea Singida, Mwanza na nchi jirani. Kwa watafiti, waliokuwamo Everett Rogers, Peter Vaughan na Ramadhan Swalehe, kilichohesabika ni kwamba kituo cha Dodoma kingeweza kurusha kipindi tofauti na vingine. Kati ya 1993 na 1997 kila mwaka walihoji watu katika kaya takriban 2,750, na wakafuatilia wateja wapya wa uzazi wa mpango katika vituo 79 vya afya. Septemba 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa mchezo.

Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kuwa uzazi wa mpango uliongezeka mahali mchezo uliposikika, na kwamba mengi ya mabadiliko hayo yalijirudia Dodoma baada ya 1995. Katika matokeo hayo limo jambo ambalo mwanahistoria wa sanaa hapaswi kulipita haraka: wasikilizaji walizungumza zaidi na wenzi wao. Jambo ambalo mume na mke waliona haya kulianzisha wao wenyewe, waliweza kulianzia kwa Mkwaju. Ni rahisi mke kusema, "Umemsikia yule?" kuliko kusema, "Na wewe je?"

Inafaa pia kuuliza kama ilikuwa haki kuinyima Dodoma mchezo huo miaka miwili, tena miaka ya UKIMWI. Mtetezi atasema hakuna aliyejua mapema kama mchezo unafaa kitu, na kwamba bila eneo la kulinganisha, mafanikio yangebaki madai ya watayarishaji. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo gharama ya kujua ilibebwa na wakazi wa Dodoma, na kumbukumbu ya haki ingelitaja jina lao kando ya majina ya watafiti.

Televisheni ilipofika, mzigo wa mafunzo ulipungua. Kundi la maigizo la Kaole lilijaza sebule za Dar es Salaam. Mzee Small, yaani Said Ngamba aliyefariki mwaka 2014, na Bi Chau wakachekesha kama mume na mke. Nairobi, kuanzia mwaka 2007, Charles Bukeko alimwigiza Papa Shirandula, mlinzi anayemficha mkewe kazi anayofanya. Safari hii fedheha ya mume ilitosha kuwa hadithi.

Dodoma imebaki nyuma katika hatua hiyo, ingawa mandhari ya vichekesho vya namna ya Purley inayo kuliko mji mwingine wowote nchini. Ilipangwa tangu 1973, uamuzi wa kuhamisha makao makuu ulipotolewa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) kuundwa, ikiwa na mitaa ya watumishi wa umma kama Area C na Area D. Baada ya agizo la kuhamia la mwaka 2016, maelfu ya watumishi walifika, wengi wakiwa wa makamo, na wapo ambao familia zao zilibaki Dar es Salaam. Tangu 2024 treni ya umeme imewaondolea kisingizio cha umbali. Mume wa Ijumaa hadi Jumapili, mke mwenye cheo kikubwa kuliko cha mumewe, mama mkwe aliyekuja kwa wiki moja akaona hewa ya Dodoma inamfaa: hayo yanamngoja mtunzi, na hayahitaji kibali cha sera yoyote. *Twende na Wakati* ilithibitisha kwamba wanandoa wakiwasikia wenzao hewani nao hufungua midomo. Mtunzi wa Dodoma anaweza kuanzia hapo, safari hii mji wake ukiwa ndani ya hadithi.